Swali la Petroli Nililokuuliza Ulipoomba Radhi

Temeke,
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Saidi,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko nyumba ya nne kutoka hapa, unawaaga majirani, na kicheko chako nakisikia mpaka barazani. Mama yako amekwenda sokoni kutafuta nazi, ingawa nazi tunazo, kwa sababu leo hawezi kukaa kitako. Nimebaki peke yangu na kalamu, na nataka niimalize karatasi hii kabla hujarudi. Nikikutazama usoni nitaanza tena kuzungumza habari za mvua.

Jana tulipokuwa tunakula uliniomba radhi. Mama yako alikupa yake palepale, akakuwekea mkono kichwani, akakuombea dua mpaka wali ukapoa. Nikawa nangojewa mimi. Badala ya kujibu nikakuuliza hesabu: mashine inakula ratili kumi na nne na nusu za petroli kwa saa, je, hizo ni galoni ngapi? Ukajibu kabla mkono wako haujarudi kwenye sinia.

"Galoni mbili, baba, kama galoni moja ya petroli ina ratili saba na robo. Kukiwa na joto kali zitazidi kidogo, maana petroli inatanuka."

Nikanawa, nikatoka nje. Nilimsikia mama yako nyuma yangu akisema, "We mwanamme we, una nini?" Tangu hapo wewe unanyata ndani ya nyumba kama mgeni, unadhani umenivunjia heshima kwa kujibu upesi. Hukunivunjia heshima. Ulijibu sawasawa, na hicho ndicho kilichonitoa nje.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hayo mama yako amekwisha kukuambia, na najua atakuambia tena dirishani treni ikiwa inaondoka. Nataka nikuambie habari za Tegeta. Nusu yake umeisikia kwa marehemu mjomba wako Bakari, lakini Bakari alikuwa akiisimulia kwa kuchekesha watu, na pale pasipochekesha alikuwa akiparuka.

Mimi na Bakari tulijuana mjini kabla sijamjua mama yako. Sote tulikuwa tumetoka Lindi, sote tulikuwa wauza maji. Mzega begani, debe la mbele na debe la nyuma, kutoka bombani mpaka kwenye nyumba za watu. Madebe yenyewe yalikuwa ya petroli, yale ya galoni nne, yakisha kumwagwa kilichomo yanakuwa yetu. Katika mji huu kila kitu kilipimwa kwa debe: maji, unga, mahindi, chokaa. Siku moja tulipita kwenye duka lenye mizani kubwa, Bakari akasema tuweke debe la maji tuone tunabeba nini kila siku. Likatoka ratili arobaini, ukiacha bati lenyewe. Tukafurahi mno. Tulikuwa tukiwaambia watu mizigo yetu kwa ratili, kama makarani wa forodha.

Bakari ndiye aliyenipeleka kwao nikamwona dada yake. Alimwambia, "Huyu hana kitu, lakini hamwagi maji njiani." Kwa sifa hiyo moja nikamwoa mama yako.

Kisha tukasikia kuna kazi Tegeta, kwenye machimbo ya mawe ya Mzungu mmoja. Tegeta ya siku zile ilikuwa pori, barabara ya Bagamoyo ilikuwa vumbi jekundu kiangazi na matope masika, na lori la mawe likikwama, lilikwama mpaka jua litoke. Tulijenga vibanda kwa madebe yaliyofumuliwa na kupigwa bapa. Mvua ikinyesha, mtu na mkewe walikuwa hawasikilizani humo ndani, na mama yako alikuwa akinigombeza kwa mikono. Nakwambia kweli, Saidi, tangu tulipohamia Temeke nimepata nyumba yenye sakafu na dirisha la vioo, lakini sijapata usingizi kama wa kile kibanda. Wewe ulizaliwa humo. Ulijifunza kusimama kwa kushika ukuta wenye picha ya kobe wa rangi ya kijani na maandishi ya Kizungu, na kwa muda mrefu kila kobe ulimwita ukuta.

Shimo la machimbo lilikuwa refu, na chini lilikuwa likitoa maji. Bila mashine ya kuvuta maji hakuna aliyeweza kufanya kazi mle. Bakari alikuwa chini na nyundo yake, mimi juu na mashine. Mashine ya kwanza ilikuwa ndogo, nzee, na haikuwa na hesabu. Nilitia kijiti kwenye tangi, petroli ikifika kwenye alama, basi. Alama aliikata mtu aliyenitangulia, na mimi sikuwahi kumuuliza aliipataje.

Halafu ikaja mashine mpya. Fundi wetu mkuu alikuwa Singasinga mmoja, mtu wa maneno machache, sisi tulimwita Fundi Kilemba. Akaifunga, akaijaribu, akanionyesha kibati cha shaba ubavuni. "Hii inakula ratili kumi na nne na nusu kwa saa," akasema. "Mimi nakwenda mjini kufuata vyuma. Kesho chukua stoo petroli ya kutosha kazi ya saa sita. Utaweza hesabu?"

Nikamwambia naweza. Nilikuwa nimesoma kidogo, kugawanya nilikujua, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana najua kugawanya. Kibati kilisema kwa ratili, stoo wao walitoa kwa galoni. Kwa hiyo ilinibidi nizigeuze ratili ziwe galoni, na hapo ndipo bega langu la muuza maji liliponijibia. Debe lina ratili arobaini, debe lina galoni nne, galoni moja basi ni ratili kumi. Nani angenibishia? Nilikuwa nimelibeba debe lile miaka. Nikagawanya kwa kumi, nikapata galoni moja na nusu kasoro kidogo kwa saa. Kwa saa sita ikawa galoni tisa kasoro. Nikaandikisha tisa, nikajiona nimempa Mzungu na ziada yake.

Sasa sikiliza jambo ambalo Bakari hakuwahi kulisimulia, kwa kuwa hakulijua. Asubuhi nilipokwenda stoo kuchukua petroli, niliinua debe la kwanza na mkono ukapaa. Lilikuwa jepesi. Nikalitua, nikamgeukia karani wa stoo, mzee mmoja mpole kabisa, nikamwambia, "Mzee, debe hili halijajaa."

"Limejaa, mwanangu."

"Mie nimebeba madebe maisha yangu yote. Hili halijajaa."

Hakugombana nami. Alifungua kifuniko, akaniita nitazame. Petroli ilikuwa imefika shingoni, karibu imwagike. Nikatazama kwa macho yangu mawili. Unafikiri niliwaza? Nilicheka tu, nikamwomba radhi, nikasema petroli ya siku hizi nyepesi, nikabeba nikaenda zangu. Mkono wangu ulikuwa umeniambia kila kitu, nami nikautumia kumsingizia mzee wa watu kwamba anapunja.

Saa mbili asubuhi nikaiwasha. Ilikuwa na sauti nzuri, hata leo naweza kukuigizia. Bakari alipokuwa anashuka ngazi aliniuliza, "Shemeji, mpaka saa ngapi?" Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kulikuwa na pango wamelichimba chini ya mwamba, mlango wake uko chini kuliko ndani, na mtu haingii mle mpaka awe na hakika ya mashine. Nikamjibu bila hata kufikiri, "Mpaka saa nane. Lala usingizi ukitaka."

Ilikuwa Ijumaa. Saa sita na nusu mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikadhani ni uchafu kwenye mrija. Nikafungua, nikapuliza, nikafunga, nikazungusha mtaimbo wa kuwashia mpaka nikatoka jasho, ndipo nikakumbuka kutazama tangi. Lilikuwa kavu. Nilikimbia stoo nikakuta kufuli, maana mzee amekwenda msikitini na ufunguo uko mfukoni mwake. Nikamtuma mtu mbio, nikarudi shimoni.

Wenzake watatu walikuwa wamekwisha kupanda ngazi, wamelowa mpaka kiunoni. Bakari hayumo. Mmoja akasema, "Yuko pangoni. Maji yameziba mlango." Kisha tukatega masikio, tukasikia nyundo yake inagonga jiwe, ko, ko, ko, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na hana haraka.

Hapo ndipo mama yako alipofika na chakula, wewe uko mgongoni. Alihesabu waliotoka, akasikia ile nyundo, akaweka sufuria chini. Akaanza kupiga kelele kuelekea kambini, "Madebe! Leteni madebe!" Wakaja wanawake wote na madebe yao, mengine bado yana unga. Tukajipanga kwenye ngazi, mimi chini kabisa, maji kifuani, nachota na kupitisha. Mama yako alikuwa wa tatu kutoka kwangu. Kila nilipoinua debe niliuona uso wako mdogo begani kwake, umetulia, unafurahia mchezo. Maji hatukuyashinda, ila tuliyachelewesha. Na kila debe nililolitoa mle, mwanangu, nililihisi mikononi: ratili arobaini. Zito kuliko yale mawili niliyoyabeba asubuhi. Hapo nikaelewa, nimesimama kwenye maji, na kuelewa kwenyewe kulikuwa hakumsaidii mtu.

Mzee wa stoo alikuja mbio na kanzu yake, debe la petroli ameliinua mwenyewe. Mashine ikawaka. Maji yakaanza kushuka, kwa uvivu, inchi kwa inchi, mpaka mlango wa pango ukatokeza, na Bakari akatoka akitambaa. Midomo ilikuwa ya kijivu na meno yanagongana. Akanitazama pale nilipokaa kwenye matope, akasema, "Shemeji, saa nane imefika?"

Watu wakacheka mpaka wakaketi. Ndiyo maana mpaka kufa kwake aliniita Saa Nane, na wewe na wadogo zako mlidhani ni kwa sababu napenda chakula cha mchana. Mimi siku ile sikucheka. Mama yako pia hakucheka. Alimfunika kaka yake kanga yake, akanigeukia akasema maneno matatu tu, "Ulimwambia saa nane." Akaenda. Siku nyingi alinitengea chakula na hakuniambia karibu. Bakari ndiye aliyetupatanisha, kwa kuja kila jioni kukaa kati yetu na kusema upuuzi mpaka dada yake akashindwa kujizuia.

Fundi Kilemba aliporudi, nilivaa shati langu safi, nikamngoja anifukuze. Alinipeleka stoo, akajaza galoni moja ya maji na galoni moja ya petroli, akaniambia niinue hii, kisha niinue ile. Akaziweka kwenye mizani, moja baada ya nyingine. Maji ratili kumi. Petroli ratili saba na robo. "Sasa gawanya," akasema. Nikagawanya. Kumi na nne na nusu kwa saba na robo. Zikatoka galoni mbili, hazibaki wala hazipungui, madebe matatu kamili kwa saa sita. Nilitamani zingebaki hata chembe, ili niseme ilikuwa hesabu ngumu.

Alasiri ile ile akanionyesha na jingine. Tulipima petroli iliyokaa juani, na galoni yake ilikuwa imepungua uzito kidogo. Mashine inataka ratili zake zile zile, haijui jua, kwa hiyo lazima galoni ziongezeke. Aliniambia nisiishike ile saba na robo kama msahafu. Pipa jipya likija, nipime galoni moja ndipo nigawanye.

Tangu hapo nikawa mgonjwa wa mizani. Nilipima petroli, nikapima mafuta ya taa, nikapima mafuta ya nazi ya mama yako, nikapima na samli aliyoletewa zawadi. Akaja juu. "Hata samli nayo itazima saa sita na nusu?" Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jambo lile kwa mzaha, na nilifurahi mpaka nikamwaga ile samli. Natamani siku ile irudi. Natamani nimwone tena jinsi alivyokuwa, mkono kiunoni, amekasirika kwa furaha, na Bakari mlangoni anauliza kama samli iliyomwagika ni ratili ngapi na galoni ngapi.

Sasa narudi kwako. Ulipoingia shule ya ufundi niliona mbali kidogo, nikaona siku itafika watakupa mashine na shimo la watu. Ikafika. Mgodi wa bara, pampu sita, na watu chini ambao hutawajua hata majina. Tangu ile barua yao ije nimekuwa nikitafuta sababu ya kukubakiza, na niliitafuta kwa ujanja. Nilijiambia, nitamuuliza swali lile lile lililonishinda mimi. Akigawanya kwa kumi, nitamwambia bado, kaa nyumbani mwaka mmoja, na mama yake atanisaidia. Nilikuwa nimekwisha kupanga na maneno. Basi ukanijibu. Na hukuishia kwenye galoni mbili, ukataja na joto.

Nilipotoka nje sikwenda kukasirika. Nilisimama kule nyuma kwenye mpapai nikalia, na sioni haya kukuandikia. Nilimlilia Bakari, ambaye angekupigia makofi. Nilikuwa na uchungu kwamba jibu ulilolitoa na tonge mkononi, siku ile ningelitoa mimi, asingekaa gizani kugonga jiwe. Zaidi ya yote, nililia kwa kuwa sikubakiwa na sababu. Sababu iliyobaki ni moja tu, kwamba nitakukosa. Nitakosa kukusikia ukikohoa asubuhi, nitakosa kubishana nawe habari za lori. Hiyo ni kweli, lakini baba hamnyimi mwanawe radhi kwa ajili hiyo.

Hesabu unaijua kunishinda, sina la kukuongezea. Nataka tu ujue kwamba mimi sikukosea kwa kutojua. Nilikosea kwa kitu nilichokijua sana, nilichokibeba begani miaka, nikakipeleka mahali si pake. Itakutokea na wewe, kwa jambo usilolitazamia, na huenda ikakutokea siku unayojiona fundi kweli kweli. Siku hiyo kitu kikiwa chepesi mkononi, usikimbilie kumwambia karani halijajaa. Na mtu akikuuliza mpaka saa ngapi, kabla hujamjibu nenda kalitazame tangi, hata kama umelitazama sasa hivi, hata kama anakucheka.

Nasikia unaagana na wa mwisho, kwa hiyo nasema lililonikwama jana. Saidi, radhi yangu unayo. Nimekupa yote, kwa moyo mweupe, wala sikubakisha kitu cha kukuvutia nyuma. Nenda kafanye kazi yako, na watu wako wapande ngazi salama kila siku.

Kesho stesheni tutapeana mikono kama wanaume wengine wanavyoagana. Nikichelewa kukuachia, nivumilie kidogo.

Baba yako